Modemu, mnara na mabonde: intaneti isiyo na waya ilivyoingia nyumbani Embu na Meru

Leo naweka programu kando nizungumze historia kidogo.

Miongozo mingi ya kuweka intaneti isiyo na waya nyumbani huanza hivi: chukua waya wa simu ulioko ukutani, uchomeke kwenye ruta. Kwa nyumba nyingi za Embu na Meru mwongozo ulikwama hapo hapo. Waya gani?

Kiwango cha 802.11 kilichozaa Wi-Fi kilitoka mwaka 1997, na kilikusudiwa kuruka mita chache za mwisho tu, kutoka kwa waya hadi kompyuta. Huku kwetu waya za shaba za Telkom Kenya zilihudumia miji, ofisi na taasisi, na hata hizo chache ziliibwa na wauza vyuma. Aliyebahatika kuwa na simu ya mezani alipiga kwa modemu ya 56k na kulipia kila dakika. Ukiritimba wa Telkom uliisha mwaka 2004, lakini hakuna aliyekimbilia kuvuta waya mpya hadi kwenye mashamba ya chai na kahawa.

Kilichofika ni mnara wa simu za mkononi. Safaricom ilipata leseni ya 3G mwaka 2007, na muda si mrefu modemu za USB zikaanza kuonekana. Ile Huawei E220, nyeupe, umbo la kipanya, wengi mnaikumbuka. Ukiichomeka ilijifanya CD kwanza ili kujisakinisha kwenye Windows (sisi wa Linux tulihitaji usb_modeswitch kuishawishi iache utani). Kisha unaandika: APN safaricom, jina saf, neno la siri data, namba ya kupiga *99#. Kompyuta iliamini inapiga simu! Chini yake zilipita amri zile zile za AT ambazo Hayes walizileta mwaka 1981 kwa modemu za waya. Yaani waya haukuwepo, lakini mazoea yake yalibaki.

Sasa tufike penye utata. Pita barabara ya Embu hadi Meru: Runyenjes, Chuka, Nkubu. Unashuka mto, unapanda mgongo, unashuka tena: Thuci, Nithi, Mutonga. Maji ya Mlima Kenya ndiyo yaliyochonga mabonde hayo. Mnara hukaa juu ya mgongo karibu na soko, na 3G ya 2100 MHz haipindi vizuri kuzunguka kilima. GSM ya 900 MHz hujitahidi zaidi. Basi nyumba iliyo upande wa mnara iliona taa ya buluu kwenye modemu, na ya jirani, mtelemko wa pili, ikaona ya kijani: GPRS au EDGE, na ukurasa mmoja unakungoja uchemshe chai. Watu walirefusha waya wa USB hadi dirishani, wengine wakaweka modemu ndani ya sufuria ili ikusanye mawimbi. Msicheke, wakati mwingine ilisaidia.

Kifurushi kilikuwa bei moja kwa wote wawili. Hilo ndilo huwa linaniudhi ninaposoma historia zinazotaja nyaya za baharini peke yake. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009 na zilibadilisha mengi, sikatai. Lakini mwanafunzi aliyekaa chini ya mgongo bado alipanda matatu kwenda saibakafe mjini kutuma fomu zake.

Wi-Fi yenyewe ndiyo iliyoingia mwisho, kinyume na kwingine. Kwanza watu waligawana modemu moja kwa njia ya Windows XP, kompyuta moja ikiwa mlango wa nyingine. Baadaye zikaja ruta zenye nafasi ya laini ya simu. Ukiwa na moja, chagua WPA2 na si WEP, iliyovunjwa tangu 2001. Megabaiti zinazoliwa na jirani ni zako.

4G ilianza Kenya Desemba 2014, na masafa yake ya 800 MHz huvumilia vilima kuliko 2100. Starlink ilipoingia Julai 2023, mawimbi yalitoka juu. Aliye bondeni akipata anga wazi, bila migomba wala migrevilea juu ya sahani, mgongo si kizuizi tena. Kilichobaki ni bei ya sahani.