Plei kwenye sukani za ndege ndogo: jinsi ya kuijua mapema

Sisi watu wa pwani usukani tunaujua. Rumada zikilika, usukani wa jahazi hugonga, na kana humwambia nahodha mkononi kabla jicho halijaona kitu. Ndege ndogo ni vivyo hivyo, ila yenyewe ina sukani za aina tatu: eilironi kwenye mabawa, eleveta ya kupandisha na kushusha pua, na usukani wa mkia. Zote zimeshikwa kwa bawaba, na kwenye ndege nyingi ndogo huvutwa na nyaya za chuma zinazopita juu ya makapi. Zote hulika.

Naandika haya nikiwa Merigi, kaunti ya Bomet, kwenye nchi ya chai, ambako nimeitwa kuitazama Cessna ya mtu binafsi iliyokaa miaka kadhaa Malindi kabla ya kuletwa bara. Mwenyewe alilalamika kuwa alfajiri usukani u mlegevu, mchana uko sawa. Wenzake wakamwambia ni mawazo yake tu. Si mawazo. Aluminiamu ya mwili wa ndege hutanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma cha nyaya. Penye joto nyaya hukazika, penye baridi hulegea. Nyaya zilizopimwa kwenye jua la Malindi hazitakuwa na mvutano ule ule kwenye umande wa huku juu.

Lakini baridi haielezi kila kitu, na hapo ndipo wengi hukomea. Ili kujua plei iko wapi, ondoa kifungio cha sukani, kisha mtu mmoja akae ndani ashike mtaimbo wa rubani usitikisike hata kidogo. Wewe nje shika ukingo wa nyuma wa eleveta, uusukume juu na chini taratibu, kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya bawaba. Kidole kikihisi mgongano, pini au bushi imelika. Bawaba ikitulia na eleveta bado yacheza, tafuta mbele zaidi: viungo vya fimbo, makapi, nyaya.

Nyaya usizipitishe mkono mtupu. Tumia kitambaa, uzi uliokatika utakinasa. Angalia hasa zinapopinda kwenye makapi, na kapi lisilozunguka utalijua kwa upande mmoja uliolika. Vumbi jeusi kuzunguka ribiti ni aluminiamu inayosagika, na wekundu kwenye pini ni kutu. Chumvi yetu ya pwani huanza kazi hiyo. Vumbi la murram likichanganyika na mafuta huimalizia kama msasa.

Kibapa kidogo cha trimu kwenye eleveta ndicho kinachodharauliwa zaidi, nami hukiogopa kuliko vyote. Kikiwa na plei, upepo hukipiga, nacho hurudi na kuipiga eleveta, na kila pigo huongeza nguvu ya lijalo, hadi mkia uvunjike kwa muda mfupi sana. Tarehe 16 Septemba 2011 huko Reno, Marekani, ndege ya mashindano aina ya P-51 ilianguka karibu na watazamaji. Wachunguzi walikuta skrubu za kibapa cha trimu zilikuwa zimelegea kwa sababu nati zake zilikuwa zimechakaa. Walikufa rubani na watazamaji 10. Kiasi cha plei kinachokubalika kimo kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege husika, si kichwani mwa fundi. Hata rangi mpya yaweza kuharibu uzani wa eleveta, kwa hiyo baada ya kupaka ipimwe tena.

Rubani anaweza kuyaona mengi ya haya kabla ya kuruka, ila kurekebisha na kutia saini ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ndege hii ya Merigi, nyaya zitakazwa leo. Pini mbili za eleveta zimeliwa na kutu na kibapa chake kimepita kipimo. Mwenyewe alitaka airushe hivyo hivyo mpaka Wilson, akatengenezee huko. Nimeandika kwenye kitabu cha ndege kwamba haifai kuruka, na pini zitaletwa kwa gari.