Upimaji wa mafuta ya transfoma

Upimaji wa mafuta ya transfoma ni uchunguzi wa mafuta yaliyojaa ndani ya tangi la transfoma ya umeme. Mafuta hayo huzuia umeme usiruke kati ya koili na tangi, na hubeba joto kulipeleka kwenye mapezi ya kupozea. Kwa kuwa hupita kila mahali ndani ya mtambo, hitilafu huonekana kwenye mafuta mapema, hata kabla transfoma haijanguruma wala kuzima.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni cha kustahimili volteji. Kwa kanuni ya kimataifa ya IEC 60156, mafuta humiminwa katika kikombe chenye elektrodi mbili zilizoachana milimita 2.5, kisha volteji hupandishwa kwa kilovolti 2 kila sekunde mpaka cheche iruke. Hurudiwa mara sita, na wastani ndio jibu. Mara nyingi yanayoshusha jibu ni maji yakichanganyika na nyuzi za karatasi: nyuzi zilizolowa huvutwa na umeme, zikajipanga kati ya elektrodi, na cheche ikapata daraja.

Kipimo chenye mengi ya kusema ni cha gesi zilizoyeyuka. Mafuta yakipata joto au cheche huvunjika na kutoa gesi, na kila hitilafu ina gesi zake. Cheche hafifu hutoa zaidi haidrojeni. Joto kali huongeza ethilini. Asetilini ni alama ya cheche kali au joto linalozidi nyuzi 700, na ikianza kupanda ghafla mhandisi hapaswi kungoja. Mwaka 1974 Michel Duval wa Hydro-Québec, Kanada, alibuni pembetatu inayolinganisha methani, ethilini na asetilini, na hadi leo maabara huitumia kutambua aina ya hitilafu.

Hata hivyo, maabara bora haiwezi kuokoa sampuli mbovu. Fundi hufungua vali ya chini, humwaga mafuta ya mwanzo yaliyotuama kwenye bomba, ndipo ajaze sindano ya kioo bila kuacha kiputo cha hewa. Haidrojeni hutoroka upesi, na unyevu wa siku ya mvua unatosha kuharibu kipimo cha maji.

Kuna pia furani, kemikali zinazotoka kwenye karatasi inayofunika koili inapochakaa; hupimwa ili kujua hali ya karatasi hiyo. Mafuta yakichakaa huchujwa au kubadilishwa. Lakini karatasi iliyochakaa hairudi, na uhai wa transfoma huishia hapo.

Transfoma kuukuu hupimwa pia PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizitaka nchi zijitahidi kuacha kutumia vifaa vyenye zaidi ya sehemu 50 zake kwa milioni ifikapo 2025. Afrika Mashariki jambo hili ni zito mno, maana mafuta ya transfoma huibwa na mengine huishia kwenye makarai ya kukaangia chipsi. Mlaji hawezi kuitambua PCB kwa macho. Huonekana kwa kipimo tu.