Matete ya Mashuani

Mwaka 1927 F. W. Murnau, fundi wa sinema kutoka Ujerumani, alitengeneza huko Marekani picha iitwayo Sunrise, maana yake Macheo. Maneno ya waigizaji hayasikiki, na mume na mke hawakupewa majina. Kwa hiyo kila mtazamaji aweza kujiona humo.

Mume, mkulima, alitekwa na mwanamke wa mjini, akashauriwa amzamishe mkewe ziwani, kisha ajiokoe mwenyewe kwa matete aliyoyaficha mashuani. Alisimama ili amwue, lakini moyo ukamshinda. Mke akakimbia hata mjini, mume nyuma yake. Wakaingia kanisani palipokuwa na arusi. Huko mume alilia, akasamehewa.

Usiku, walipokuwa wakirudi, dhoruba iliwapata. Mume akamfunga mkewe yale matete, nayo yakamshika juu ya maji hata akaokolewa.

Mwaka 1937 filamu ya asili iliteketea kwa moto. Nakala zilisalia, nasi twaweza kuitazama hata leo. Twaona kwamba toba ya mume yule haikuwa machozi tu: alimpa mkewe kile alichojiwekea nafsi yake.