Gari ya esansi inakula mafuta ya moteri: valvu ya PCV ya kuangalia mbele ya kufungua moteri

Gari ya esansi ikianza kutoa moshi wa bluu na kumaliza mafuta ya moteri, jibu la garaji mara mingi ni moja: segma zimekufa, lazima kufungua moteri. Kwa dereva wa teksi wa Bukavu ao Butembo, hiyo ni siku mingi bila kazi, na mwenye gari anangojea pesa yake. Segma zinaweza kuwa zimechoka kweli. Lakini kosa linaweza pia kuwa kwa kipande kimoja chenye urefu wa kidole, valvu ya PCV, ambayo kwa Toyota nyingi za zamani mtu anaibadilisha mwenyewe nyumbani.

Kazi yake si ya ajabu. Esansi ikiwaka, gazi kidogo inapenya pembeni ya pistoni na kushuka chini, pale mafuta ya moteri yanakaa. Zamani gazi ile ilikuwa inatupwa inje kwa bomba. California, Marekani, ndiyo ilianza kudai valvu hii kwa magari mapya ya 1961, juu ya hewa chafu ya miji yake. Valvu inarudisha gazi kwenye njia ya hewa, inaungua tena.

Ndani muna resori na kachuma kenye kutembea. Vidange vikicheleweshwa, mafuta yanakuwa matope na kachuma kanagandia. Kakigandia kwa kufunga, presha inapanda ndani ya moteri na kusukuma mafuta kwenye juwe: matone yanaonekana chini ya gari kila asubuhi. Kakigandia wazi, ralanti inatetemeka na moteri inajinywesha mafuta yake yenyewe. Hapo ndipo moshi wa bluu unatokea.

Kuna kipimo cha bure. Moteri ikiwa kwa ralanti, fungua kifuniko cha kumiminia mafuta na kuweka karatasi ngumu juu ya tundu. Kama inavutwa kidogo, njia ya gazi iko sawa. Kama inasukumwa, kuna kizuizi, ao segma zinapitisha mingi kupita kiasi.

Kiisha, zima moteri na kuiacha ipoe. Valvu inakaa mara mingi kwenye kifuniko cha juu ya moteri, na hosi inaiunganisha na njia ya hewa. Legeza kibanio kwa pensi, tosha hosi polepole, kwani ya zamani inapasuka bure. Kwa Corolla nyingi za miaka ya 1990 valvu imeingizwa ndani ya mpira, inavutwa tu kwa mkono. Kwa zingine imefungwa kwa visi, inaomba kle.

Itikise. Nzima inalia tek-tek. Yenye kukaa kimya imegandia. Lakini kulia peke yake hakutoshi, resori inaweza kuwa imelegea. Pulizia kwa kipande cha hosi safi upande wa moteri: hewa inapita. Upande wa pili inapita kwa shida. Kuvuta hewa yake kwa mdomo ni hatari, kwani mabaki ya esansi na mafuta ni sumu.

Kuisafisha kunasaidia kwa muda tu. Wakati wa kununua, peleka ile ya zamani dukani na kulinganisha namba, maana kufanana kwa macho kunadanganya: kila moteri iko na resori yake. Okazyo iliyotoka kwa moteri iliyokufa ni pesa ya bure. Hosi ikiwa imelainika ao imepasuka, ibadilishwe na hosi ya kuvumilia mafuta, si ile ya maji. Mpira mgumu nao ubadilishwe. Valvu ya visi ianzishwe kwa vidole, kiisha ikazwe kwa kiasi, maana kifuniko cha aluminiyo kinaharibika kwa nguvu ya bure.

Wengine wanaitosha kabisa na kuacha hosi ikining'inia. Kwa barabara zetu za vumbi hiyo ni mbaya zaidi kuliko ugonjwa wenyewe: vumbi inaingia ndani ya moteri na kula segma zilizokuwa bado nzima.

Magari ya mazutu hayahusiki, mpangilio wao ni mwingine.

Valvu mpya ikiisha kuwekwa, rudilia kipimo cha karatasi, na kuweka alama kwa kipimo cha mafuta kwa juma moja. Kama karatasi bado inasukumwa kwa nguvu na mafuta bado yanashuka, basi fundi alisema kweli.