Samaki Asiyepanda Mlima: Historia ya Meza za Kasenyi

Barabara ya kutoka Bunia, katika jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo, inapita Bogoro, inazunguka vilima vya malisho, halafu nchi inakatika ghafla. Chini kabisa yametanda maji ya Ziwa Albert, meupe kwa jua la mchana. Bunia iko kwenye kimo cha karibu mita 1,275. Ufuo wa Kasenyi uko kwenye mita 620 hivi. Safari isiyofika kilomita 60 inamshusha mtu zaidi ya mita 600, na mwili unajua hivyo kabla ya macho: koti linavuliwa, masikio yanaziba na kuzibuka, upepo unaleta harufu ya samaki na moshi wa kuni. Anayefika na njaa haulizi hoteli iko wapi. Anauliza mitumbwi imerudi saa ngapi.

Sisi tulio juu tumezoea kusema kwamba Kasenyi ni mahali pa kwenda kula. Mtoto wa Bunia hukua akisikia hivyo na kudhani imekuwa hivyo tangu zamani. Haikuwa hivyo. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, samaki wa Kasenyi alivuliwa ili aondoke. Alikaushwa kwa moshi au kwa chumvi, akapanda mlima, akalisha watu wasioliona ziwa. Mgeni kuketi kwenye benchi, kulipa, na kula samaki aliyetoka majini asubuhi ileile huku ziwa likiwa mbele yake, ni jambo la karibuni, tena limekatizwa mara nyingi.

Neno tunalotumia kwa mahali pa namna hiyo lina kumbukumbu yake. Nganda ni neno la Kilingala, na leo kila Mkongo analijua kuwa ni baa ndogo yenye chakula: viti vya plastiki, muziki, bia baridi, samaki kwenye makala. Lakini maana ya kwanza ya nganda ni kambi ya wavuvi. Ni vibanda ambavyo watu wa mto Kongo walivijenga ufuoni au kisiwani kwa majira ya uvuvi, wakala na kunywa pamoja mpaka maji yalipobadilika. Wavuvi na wafanyabiashara wa samaki walipohamia Kinshasa, neno liliingia mjini pamoja nao, na nyumba ambamo mama aliwauzia watu wa kwao samaki wa kwao ikaitwa nganda. Kutoka Kinshasa neno likavuka bahari. Leo ziko nganda Paris na Brussels, ambako mtu aliyechoka na baridi huketi kula samaki wa kuchoma na kwanga, mkate wa muhogo. Kasenyi neno hilo halikuhitaji kusafiri kwenda mjini: kambi ya wavuvi na meza ya kulia ziko kwenye mchanga mmoja.

Kabla ya mpaka wa Kongo na Uganda kuchorwa, maji haya yalikuwa njia ya soko. Upande wa mashariki, chini ya ukuta wa bonde, iko Kibiro, ambako wanawake wametengeneza chumvi kutokana na udongo wa chemchemi za moto kwa mamia ya miaka. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamethibitisha hivyo. Chumvi hiyo ilienda Bunyoro na ilivuka ziwa kuja huku. Pamoja na moshi, chumvi ndiyo iliyompa samaki uwezo wa kwenda mbali bila kuoza. Bila hiyo, samaki wa nchi yenye joto kama hili ni chakula cha siku moja.

Ugeni wa Kizungu nao ulipitia mezani, na nadhani kisa chake kinastahili kusimuliwa zaidi. Henry Morton Stanley alikuja kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, ambaye vita vya Mahdi viliikata njia yake ya kurudi Misri. Msafara ulianza safari mwaka 1887, na katika watu wake walikuwamo zaidi ya Wazanzibari 600 walioajiriwa kule Unguja. Msitu wa Ituri uliwamaliza wengi kwa njaa. Tarehe 29 Aprili 1888, ufuoni kusini-magharibi mwa ziwa, upande huuhuu wetu, Emin alishuka kutoka kwenye meli yake ndogo, Khedive. Stanley alifungua chupa ndogo 5 za shampeni alizokuwa amezihifadhi njia nzima. Kwa chakula na nguo, hata hivyo, aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewasaidia waokoaji. Na kati ya wapagazi waliosalimika wakaketi ufuoni siku zile, wengi walizungumza Kiswahili, lugha ambayo leo mama wa Kasenyi anapatania nayo bei.

Kisha ikaja dhahabu. Iligunduliwa Kilo mwaka 1903, uchimbaji ukaanza mwaka 1905, na maelfu ya wanaume walikusanywa kwenye migodi iliyokuja kujulikana kama Kilo-Moto. Mchimbaji alipewa posho ya chakula, na posho ilitaka kitu cha kuliwa na ugali kilicho rahisi, kisichooza, kinachobebeka. Samaki wa Ziwa Albert alifaa kabisa. Aliyevuliwa Kasenyi alipasuliwa mgongoni, akapakwa chumvi, akaanikwa, akapakiwa magunia. Huo ulikuwa ulaji mkubwa wa samaki wetu wakati wa Wabelgiji, na haukuwa na meza wala kiti. Mtu alikula kambini, kwa kipimo, chakula ambacho hakukichagua. Tunapoandika historia ya kula nje ya nyumbani katika Ituri, huyo mchimbaji lazima awemo, maana alikula nje ya nyumbani kwake kila siku kwa miaka mingi.

Meza yenye kitambaa ilikuwapo, lakini ilielea. Meli za Shirika la Reli na Bandari la Kenya na Uganda ziliunganisha Butiaba na Kasenyi, na msafiri aliyetoka Mombasa kwa treni aliweza kuvuka Ziwa Kyoga, kushuka Butiaba, kulala melini, na kuamkia Kongo, ambako motokaa ilimpandisha hadi Irumu. Meli iliyosifika kuliko zote, Robert Coryndon, ilishushwa majini mwaka 1930 na ilikuwa na vyumba vya starehe vya abiria wa daraja la kwanza. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliyopandisha maziwa ya Afrika Mashariki, ndiyo yaliyoua bandari ya Butiaba, na meli ile ikabaki kuoza kwenye maji ya kina kifupi.

Nchi kavu, mambo yalikuwa ya rangi. Katika miji ya Kongo ya Ubelgiji, mkahawa na baa ya Wazungu havikuwa vya Mwafrika, isipokuwa yule aliyebeba sinia. Mvinyo na pombe kali alikatazwa hadi miaka ya 1950. Bia aliruhusiwa: kiwanda cha bia cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kilianzishwa mwaka 1923, na Primus ilianza kutoka hapo mwaka 1926. Kwa hiyo tunapoona leo chupa ya Primus karibu na sahani ya samaki, tunaona kileo ambacho sheria ya mkoloni ilimwachia babu yetu anunue hadharani. Vingine alivitengeneza mwenyewe kwa siri au nusu siri. Pombe za kienyeji za mandale na kaikpo zina historia yao katika Ituri, na historia hiyo imo mikononi mwa wanawake.

Ni wanawake haohao walioleta meza Kasenyi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wazalendo. Ziwa lenyewe lilikuwa limepewa jina lake. Maduka yaligawiwa, mengi yakafa, mishahara ikapoteza thamani, na watu wakaishi kwa ile waliyoiita Ibara ya 15, yaani jitafutie. Kujitafutia kando ya ziwa kulimaanisha mbabula moja, yaani jiko la makala, gunia la makala yenyewe, sufuria ya mafuta ya mawese na benchi. Hakuna aliyekata utepe. Mwanamke aliyekuwa akikausha samaki wa kupeleka Bunia alimtoa mmoja pembeni, akamchoma, akamuuzia dereva aliyekuwa akisubiri mzigo. Kesho yake akatoa wawili.

Utaratibu wa meza hizo haujabadilika sana, na mimi naupenda kuliko mgahawa wowote wenye orodha ya vyakula. Kwanza unaonyeshwa samaki. Bei inakatwa akiwa mbichi, kwa ukubwa wake, mbele ya macho yako, na baada ya hapo haibadiliki. Anaparuliwa magamba, anachanjwa ubavuni, anapakwa chumvi, ndimu, vitunguu na pilipili, anawekwa juu ya makala. Kapiteni hutaka moto wa polepole kwa sababu nyama yake ni nene. Ngege huiva haraka na utamu wake uko karibu na mfupa. Unangoja. Kungoja huko ndiko kumezaa nganda: mtu anayengoja hununua kinywaji, anayekunywa huongea, anayeongea huita mwenzake. Maji ya kunawa yanakuja kwenye jagi. Bugali, makemba (ndizi za kupika) au wali, na sombe (kisamvu) ukitaka. Kichwa huombwa kwanza na mwenye kujua.

Kuhusu kapiteni, wasomaji wa Mwanza na Kisumu wana undugu nasi ambao wengi hawaujui. Samaki anayeitwa sangara Tanzania, mbuta Kenya na mputa Uganda hakuwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo kuanzia miaka ya 1950, na Ziwa Albert lilikuwa chanzo kikubwa cha mbegu hiyo. Kule alimaliza aina nyingi za samaki wengine wa ziwa, akajenga viwanda, akapanda ndege kwenda Ulaya. Huku kwao, ambako viumbe wengine walizoea kuishi naye, hakuleta maangamizi wala viwanda. Alibaki samaki wa makala.

Vita vilipokuja, barabara ya kwenda kula ikawa barabara ya kufa. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga mwaka 2014 kwa kushiriki kwake. Tarehe 31 Mei 2003 ikawa zamu ya Tchomia, jirani ya Kasenyi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka ziwa kwenda Uganda, na mitumbwi iliyozoea kubeba samaki ikabeba mama na watoto hadi Sebagoro. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya kuzingirwa, na wanajeshi wameshika nafasi ya utawala wa kiraia. Nganda ni biashara ya jioni. Pasipo na usalama baada ya jua kutua, makala huzimwa mapema, na mgeni wa Bunia hupanda mlima saa tisa akiwa bado na njaa.

Maji nayo yamedai haki yake. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, nyumba na vibanda vya ufuoni vikaingia majini. Na samaki amepungua kimo. Nyavu za macho madogo zinavua watoto wa kapiteni kabla hawajazaa; upande wa Uganda, samaki wadogo wa kukaushwa ndio wamekuwa sehemu kubwa ya mavuno. Kapiteni anayeweza kupita kilo 100 tunamsikia zaidi kwa wazee kuliko kumwona kwenye mbabula.

Linaloniuma zaidi liko Bunia kwenyewe. Kwenye migahawa mingi ya mjini, saa chache tu kutoka ziwani, sahani ya bei nafuu ni Thomson, samaki wa kugandishwa wa bahari ya Atlantiki, anayefika Kongo kwa makontena kutoka nchi kama Namibia. Mwanafunzi au fundi anayekula chakula cha mchana mjini anamudu samaki aliyesafiri maelfu ya kilomita, hamudu yule wa chini ya mlima.

Ndiyo maana bado tunashuka, siku barabara inaporuhusu. Asubuhi mitumbwi inapovutwa mchangani, wanunuzi huingia majini hadi magotini kuwahi, na mama mwenye mbabula huwa katikati yao. Akimpata anayemtaka, hasemi kitu. Anamgeuza samaki kwako, anafunua matamvua kwa kidole, anakuonyesha wekundu.