Mamlaka ya Ndani si Asilimia: Utemi Mkuu wa Ufini na Uhamishaji wa Michezo ya Mikakati

Makala haya yanachunguza jambo linaloonekana dogo: namna programu inavyosoma mamlaka ya ndani ya jimbo pale mchezaji anapohamisha dunia yake kutoka mchezo mmoja wa mikakati kwenda mwingine. Europa Universalis IV huanza mwaka 1444 na kuishia 1821. Victoria 3 huanza 1836 na kuishia 1936. Hearts of Iron IV huanza mwaka huohuo wa 1936. Kwa kuwa mmoja huishia karibu na pale mwingine unapoanzia, wapenzi wa michezo hii wameunda programu zinazochukua faili la mchezo uliohifadhiwa na kuliandika upya kwa kanuni za mchezo unaofuata. Mipaka na dini huhama bila taabu kubwa. Kinachosumbua ni maeneo ambayo si huru wala si sehemu kamili ya dola.

Katika mchezo wa kwanza, mamlaka ya ndani ya jimbo ni namba kati ya 0 na 100. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo kodi na askari wanaoifikia dola kuu wanavyopungua. Katika Victoria 3 namba hiyo haipo. Jimbo ama limeingizwa kikamilifu katika dola, ama halijaingizwa. Lisiloingizwa halitozwi kodi na taasisi za dola, shule zikiwemo, hazilifikii. Kwa hiyo mwandishi wa programu hushawishika kuchora mstari: lililovuka asilimia fulani lihesabiwe kuwa halijaingizwa. Kwa mtazamo wangu, mstari huo ni kosa la kihistoria kabla ya kuwa kosa la kiufundi.

Tuupime kwa Ufini. Mwaka 1809, Urusi ilipokuwa ikiinyang'anya Uswidi nchi hiyo, Tsar Alexander I alikutana na Baraza la Matabaka mjini Porvoo akaahidi kuheshimu dini, sheria na haki za wenyeji. Sheria za Uswidi za mwaka 1734 ziliendelea kutumika, na Kanisa la Kilutheri likabaki mahali pake. Benki ya nchi ilianzishwa mwaka 1811. Mwaka uliofuata makao makuu yakahamishiwa Helsinki, na eneo la Vyborg, lililokuwa limetwaliwa na Urusi karne iliyotangulia, likaunganishwa na Utemi huo. Moto ulipoiteketeza Turku mwaka 1827, chuo kikuu nacho kikahamia Helsinki mwaka 1828. Baadaye, mwaka 1860, Ufini ikapata sarafu yake, maka. Ni kweli kwamba Baraza la Matabaka halikuitishwa tena hadi 1863, na mtafiti asiifanye ahadi ya Porvoo kuwa katiba kamili. Hata hivyo, mapato ya Ufini yalitumika Ufini. Kwa hesabu ya mchezo wa kwanza, hiyo ni asilimia kubwa mno ya mamlaka ya ndani. Kwa mstari tuliouchora, Ufini ya mwaka 1836 ingegeuka jimbo lisilotozwa kodi na lisilo na shule za dola, sawasawa na koloni lililotwaliwa jana. Programu ingekuwa imesoma nguvu za taasisi kama upungufu wa taasisi.

Chanzo cha kosa ni kwamba asilimia hurekodi tokeo na kuficha sababu. Katika mchezo huo namba hupanda kwa sababu jimbo limetekwa karibuni, au kwa sababu mchezaji ameipandisha kwa makusudi ili kutuliza uasi. Historia mbili zisizofanana huishia katika tarakimu moja. Polandi ni ushahidi mzuri. Mwaka 1815 ilipewa katiba, bunge na jeshi chini ya Tsar yuleyule. Mwaka 1821, tarehe ambayo faili la kwanza hufungwa, mtu angeweza kuipa namba moja na Ufini. Baada ya uasi wa Novemba 1830, amri ya mwaka 1832 iliondoa bunge na jeshi hilo. Miaka 15 inayorukwa kati ya michezo hii miwili ndiyo iliyozitenganisha nchi hizo.

Msomaji wa pwani yetu halioni tatizo hili kwa mara ya kwanza. Kuanzia 1895 hadi 1963 ukanda wa maili kumi wa Mwambao wa Kenya ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar uliotawaliwa na Waingereza kwa malipo ya kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikipepea Mombasa. Mchezo unaolipa kila jimbo mmiliki mmoja hauna pa kuiweka bendera hiyo.

Nini basi kifanyike? Faili lina habari nyingine zaidi ya asilimia. Programu iangalie kwanza kama eneo limeandikwa kuwa nchi tegemezi yenye mtawala na hazina yake. Hiyo ihamishwe kuwa nchi tegemezi, na kama mfalme ni mmoja, iwe muungano chini ya taji moja. Pili, iangalie kama ipo nchi nyingine inayotambuliwa kuwa na haki ya asili juu ya majimbo hayo, na kama utamaduni wa wenyeji umekubaliwa na dola. Majimbo ya jirani yanapokubaliana katika mambo hayo na asilimia yao iko juu kwa pamoja, kuna sababu ya kuunda utemi mmoja. Asilimia peke yake itumike mwisho, kwa jimbo lililotengwa lisilo na dalili nyingine yoyote. Njia hii itakosea pia, hasa kwa madola makubwa yaliyoundwa na mchezaji bila mfano katika historia, lakini makosa yake yataonekana na kusahihishika.

Athari zake huonekana zaidi katika uhamishaji wa pili, ule wa 1936. Ufini iliyoingia Victoria 3 kama jimbo lisiloingizwa hubakiwa na njia mbili za kutoka, uasi au hisani ya mwenye dola. Ufini ya kweli haikupita katika mojawapo ya hizo peke yake. Ilani ya Februari 1899 ilipoupa utawala wa Tsar uwezo wa kuzipita sheria za nchi, Wafini zaidi ya 500,000 walitia saini ombi la kuipinga. Na Tsar alipoanguka mwaka 1917, kulikuwa tayari na seneti, hazina na bunge lililochaguliwa kwa kura za wanaume na wanawake, ambalo tarehe 6 Desemba lilipitisha tangazo la uhuru.