Maybellene, wimbo wa kantri uliobadilishwa jina



Kila mara tukizungumza juu ya rokenroli, kuna mmoja wetu anayefunga mjadala kwa neno moja: "Ule muziki ni wa weusi, weupe waliuiba." Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi, tena kwa sauti ya juu. Kwa upande wa makuta, iko kweli, na mtaona. Lakini kwa upande wa muziki wenyewe, ile hesabu haitoki sawa. Tuchukue wimbo mmoja tu, tuufungue sawa fundi anavyofungua moteri.

Wimbo wenyewe ni Maybellene wa Chuck Berry, wa mwaka 1955.

Berry alizaliwa St. Louis mwaka 1926. Usiku wa kufunga mwaka 1952, mpiga piano mmoja, Johnnie Johnson, alikosa mtu kwenye kikundi chake cha watu watatu, mpiga saksafoni alikuwa mgonjwa. Akamwita Berry aje na gitare yake. Walikuwa wanapiga kwenye Cosmopolitan Club, huko East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi. Wateja wa pale walikuwa weusi, na walikuja kusikiliza bluzi.

Sasa huyu kijana akaanza kuchomeka katikati ya bluzi nyimbo za kantri, ule muziki wa weupe wa mashambani, wa violoni na banjo. Watu wakacheka. Wakaulizana: huyu mweusi anayeimba sawa mzungu wa kijijini ametoka wapi? Lakini wiki zikapita, na wale waliocheka njo wakaanza kuziomba zile nyimbo na kuzichezea. Hata weupe wakaanza kuja kuona.

Kati ya nyimbo zile kulikuwa Ida Red, wimbo wa zamani wa dansi za vijijini, usiojulikana nani aliyeutunga. Bob Wills na Texas Playboys wake waliurekodi mwaka 1938. Berry akauchukua, akaupa maneno mengine: mwanaume kwenye Ford anafukuza Cadillac alimo mpenzi wake.

Mwezi wa tano 1955 akaenda Chicago, akamwona Muddy Waters, mkubwa wa bluzi wa ule mji, akamuuliza: nikitaka kurekodi, niende wapi? Muddy akamwelekeza kwa Leonard Chess wa kompanyi ya Chess Records. Hapa njo penye utamu. Berry alifikiri Chess atapenda bluzi yake, Wee Wee Hours, juu Chess alikuwa mtu wa bluzi. Apana! Chess aliposikia ule wimbo wa kantri, akataka huo. Mtu mweusi akiimba kantri, kwake ilikuwa kitu kipya.

Walirekodi tarehe 21 mwezi wa tano. Jina la Ida Red likaondolewa, na juu ya jina jipya kuna hadithi mbili. Johnson alisema lilitoka kwenye kopo la rangi ya kope lililokuwa pale studio. Berry akasema ni jina la ng'ombe kwenye kitabu chake cha shule. Chagueni wenyewe, mi napenda ya ng'ombe.

Sikilizeni ile diski vizuri. Batria inapiga mbili-mbili, sawa dansi ya kantri. Mwimbaji anasimulia kisa na kila neno linasikika, namna waimbaji wa kantri wanavyofanya. Kisha juu yake inapita gitare ya umeme yenye sauti chafu, ya bluzi kabisa. Vitu viwili, diski moja. Ikafika nafasi ya 1 kwenye orodha ya Rhythm and Blues, na ya 5 kwenye orodha ya nyimbo za watu wote, maana yake ya weupe. Kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1987 Berry anasimulia vile alifika Knoxville kupiga muziki, na wenye kumwita wakakataa asipande jukwaani. Walikuwa wamefikiri mwenye Maybellene ni mzungu.

Walikosea kwa sababu moja: walikuwa wanasikiliza na orodha za duka. Tangu miaka ya 1920 makompanyi ya diski yaligawa muziki wa kusini mwa Marekani mara mbili, huku diski za weusi, kule diski za weupe wa mashambani. Mwaka 1949 gazeti la Billboard lilibadilisha majina ya orodha, ikawa Rhythm and Blues upande mmoja na Country and Western upande mwingine. Ukuta ulibaki palepale.

Lakini wapiga muziki, ule ukuta walikuwa wanauruka kila siku. Hank Williams, jina kubwa la kantri, alifundishwa na mweusi wa barabarani, Rufus Payne. Bill Monroe, baba wa bluegrass, alijifunza kwa mpiga gitare mweusi Arnold Shultz. Jimmie Rodgers alirekodi na Louis Armstrong mwaka 1930. (Huyu Rodgers diski zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya, wakamtungia wimbo, wakamwita Chemirocha!) Na banjo yenyewe, mzizi wake ni Afrika. Kwa hiyo Berry alipookota kantri, aliokota kitu ambacho kwa sehemu kilikuwa cha nyumbani.

Upande wa weupe ilikuwa vilevile. Diski ya kwanza ya Elvis, mwezi wa saba 1954: uso mmoja bluzi ya Arthur Crudup, uso mwingine wimbo wa Bill Monroe. Bill Haley, kabla ya kuitwa mfalme wa rokenroli, alikuwa anavaa kofia ya kauboi.

Turudi kwenye makuta sasa. Maybellene ilipotoka, kama watunzi waliandikwa watu watatu: Chuck Berry, Alan Freed na Russ Fratto. Freed alikuwa mtangazaji maarufu wa redio huko New York, na kila alipoupiga wimbo alikuwa anajilipa mwenyewe. Fratto alikuwa na mambo ya fedha na Chess. Hakuna kati yao aliyetunga hata neno. Berry alieleza kwamba alishtuka kuyaona yale majina. Haki ya wimbo mzima ilimrudia mwaka 1986, miaka 31 kisha.

Na yule DeFord Bailey, mweusi aliyekuwa nyota wa harmonika kwenye Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha kantri cha redio? Walimfukuza mwaka 1941, akaishi Nashville kwa kung'arisha viatu.

Berry yeye alijulikana kwa tabia moja mpaka uzee wake, na wengi walimchukia juu yake. Akifika kwenye konseti, analipwa kwanza, makuta mkononi, anayahesabu. Kisha njo anafungua sanduku la gitare.